Jembe Lililotoka Kwenye Theluji

Ukipita Ntobeye msimu wa kuanika kahawa, utamwona bibi mmoja anasukuma kahawa yake juu ya turubai kwa beleshi la bluu, jepesi, lenye mdomo mpana kushinda sinia. Usilitafute beleshi hilo kwenye maduka ya Ngara mjini, halipo. Mwenyewe anaitwa Febronia, na ole wako uliite beleshi mbele yake, maana atakusahihisha hapo hapo. Hili ni jembe, atakuambia. Jirani yake Selestina, ambaye mdomo wake hauna breki tangu ujana, aliwahi kumwambia kwamba jembe ni la kulimia, na hicho kidude hakiwezi kuinua hata tuta la viazi. Febronia akamjibu kwamba lilikwisha kulima, tena lililima mahali pagumu kuliko shamba lolote ambalo Selestina amewahi kulikanyaga.

Sasa ngoja nikuambie lililima wapi. Lakini lazima nianzie nyuma kidogo, la sivyo utasema natia chumvi.

Febronia ni mtu wa migomba, maharage na kahawa, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, na mke wa Anastazi kwa miaka arobaini. Anastazi mwenyewe ni mzee wa maneno mengi na pumzi chache. Ana pumu. Kijidawa chake cha kuvuta hakitoki mfukoni, na Febronia amekwisha kuzoea kulala sikio moja likiwa macho, linasikiliza kama kile kifua kimeanza kupiga filimbi. Mtoto wao wa mwisho ni Agripina, na huyo ndiye aliyeolewa na Niyonkuru.

Niyonkuru aliletwa Tanzania akiwa mgongoni mwa shangazi yake, vita vya Burundi vikiwa nyuma yao. Mama yake alifia njiani. Akakulia kambini kule upande wa Kasulo, na huko, nje ya kambi, ndiko alikokuwa akinunua ndizi mbivu kwa binti mdogo wa kutoka Ntobeye aliyekuwa hampunguzii bei hata kwa machozi. Baadaye yeye na shangazi yake wakachukuliwa kwenda kuishi Kanada. Akakua, akasoma, akapata kazi ya kufunga mabomba, shangazi akafariki. Kisha siku moja akarudi Ngara, mwanaume mzima mwenye ndevu, anamuulizia muuza ndizi. Unaweza kumkataa mtu wa namna hiyo? Febronia alimpenda siku ya kwanza tu.

Tatizo lilikuwa jembe.

Kwa ukoo wa kina Febronia kuna jambo ambalo wanawake hurithishana. Mama mkwe haingii chini ya paa analolala mkwe wake wa kiume mpaka mkwe huyo amempa jembe. Hili halihusiani na mahari, mahari ni mambo ya wazee na ng'ombe wao. Jembe hili mkwe analileta mwenyewe, kwa mikono yake miwili, mpaka mlangoni kwa mama mkwe. Akishalipokea, yamekwisha, ataingia kwake, atakula, atalala, atabembeleza wajukuu. Lakini jembe haliombwi. Mama mkwe akiliomba, au akimtuma binti aliseme, au mumewe akalichomekea kwenye maongezi, limeharibika, halifungui kitu tena. Mwenye ruhusa ya kumwambia bwana harusi ni mmoja tu, mama yake mzazi.

Na Niyonkuru hakuwa na mama.

Siku ya posa Febronia alikaa mkekani, mikono mapajani, anatazama vitu vinavyoshushwa kwenye gari. Kreti za soda zikashuka, mashuka yakashuka, blanketi la bibi likashuka. Kila mzigo mrefu ulipotokeza alinyoosha shingo kuona kama kuna mpini. Jioni gari likaondoka tupu na jembe halikuwepo. Hakumlaumu kijana, angemlaumu kwa lipi? Ila lilimkaa rohoni. Vijana walipokuja kusalimia walifikia nyumba ya wageni mjini, na hata siku ile mjukuu wake Irambona alipopata homa, Febronia alisimama nje ya geti na chupa ya uji, akaipitisha kwa mlinzi, akarudi nyumbani analia ndani ya basi dogo mbele za watu.

Ikaja miaka arobaini ya ndoa yao. Agripina akapiga simu ya picha akasema safari hii wazazi ndio watakaokwenda. Likizo ya Krismasi, wao wawili, kwenye theluji. Tiketi zimeshakatwa. Anastazi hakulala. Kesho yake habari ilikuwa imefika kanisani, mashineni na kwa wauza samaki wa gulioni. Selestina akaanza kuwaita bibi na bwana harusi, akamuuliza Febronia kama amekwisha kunong'onezwa na somo yake.

Febronia alicheka na wenzake, lakini moyoni alikuwa na swali moja tu. Atalala wapi? Nyumbani ingekuwa rahisi, ungelala kwa jirani na asubuhi ungekuja kusalimia. Akamuuliza Agripina kwa mbali kama majirani wa huko ni watu wa kukaribisha wageni. Agripina akacheka, akasema huko jirani unamjua kwa rangi ya gari lake. Basi Febronia akawaza kukataa safari. Lakini kila alipomwangalia Anastazi anapiga pasi suruali ileile kila jioni, aliahirisha kusema. Akapiga moyo konde akaamua kwamba atakwenda, na usiku atalala ndani ya gari la mkwe wake, maana gari ni gari, halihesabiki kuwa nyumba. Usimcheke. Yeye baridi aliyoijua ni ile ya mwezi wa saba inayoisha ukishaota moto wa jikoni.

Wakavuka Rusumo, wakapanda ndege Kigali, wakabadilisha ndege mahali ambapo hata leo Anastazi hakubaliani na mkewe palikuwa wapi. Mwisho wakatokeza uwanjani Kanada, Febronia na vitenge vitatu kiunoni, na Niyonkuru yupo pale amekumbatia makoti. Akamkumbatia Anastazi mpaka kofia ikaanguka. Kwa Febronia alisimama mbali, akainamisha kichwa, akasema shikamoo mama, akampa Agripina koti amvishe. Febronia aliliona hilo akaliweka akilini.

Gari halikuelekea mjini. Lilipita misitu ambayo miti yake ilikuwa imebeba theluji mpaka matawi yameinama, na Anastazi akasema mbona nchi nzima wameanika muhogo. Wakafika kwenye ziwa lililoganda. Kandoni palikuwa na nyumba mbili za magogo za kupangisha wageni wa likizo, moja kubwa, na nyingine ndogo upande wa pili wa uwanja. Niyonkuru akazima gari, akazungumza akitazama usukani. Kubwa ni ya kwetu, alisema, ile ndogo ni ya Baba na Mama, na mimi sitaikanyaga. Agripina akaguna. Akamweleza mama yake kwamba alikuwa amemwambia huyu mtu kuwa nyumbani kwao mjini kuna vyumba vya kutosha, akakataa katakata. Alisema shangazi yake alimwachia neno kwamba mama mkwe halali mkwe alipolala.

Safari yote ile Febronia alikuwa anapanga atakavyojikunja kwenye kiti cha gari, kumbe kijana alikuwa amekwisha kumtafutia paa lake. Akaingia kijumbani, akakaa kitandani na viatu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Anastazi akamuuliza kama ndege imemharibu kichwa. Akamwambia mumewe anyamaze, yeye ana furaha. Na kweli alikuwa nayo. Ila baada ya kunywa chai alitambua kwamba shangazi alikuwa amempa kijana nusu ya habari. Niyonkuru alijua kwamba mlango wa ukweni umefungwa. Hakujua kwamba unafunguliwa.

Siku zilizofuata zilikuwa njema sana, nisikufiche. Chakula kilivushwa kutoka nyumba kubwa kwenye sufuria zilizofungwa taulo. Jua lilikuwa linazama saa kumi alasiri, jambo ambalo Anastazi aliliona ni uzembe wa serikali ya huko. Ziwani alikataa kukanyaga, akasema maji ni maji hata yakijifanya sakafu, mwisho akapiga ishara ya msalaba akakanyaga, na kuanzia hapo ikawa kazi kumtoa. Irambona alikuwa na kibao cha kutelezea kilimani. Wale wazee wawili wakakipanda, Anastazi mbele, Febronia nyuma amemshika kiuno kwa nguvu. Mara ya mwisho kumshika hivyo ilikuwa juu ya baiskeli, wakirudi kutoka kanisani siku waliyofunga ndoa. Walipofika chini walianguka kwenye theluji na kulala hapo wanacheka, na Agripina akapiga picha ambayo Selestina aliitazama mpaka akaishiwa maneno, jambo lililokuwa halijawahi kutokea.

Kisha ikaja dhoruba.

Ilianza mchana, upepo kwanza, halafu theluji ikaja imelala ubavu badala ya kudondoka. Ukitazama dirishani huoni hata nyumba ya pili. Baadaye umeme ukakatika. Nyumba kubwa ilikuwa na jiko la kuni lakini kijumba kile kilitegemea umeme peke yake, na haikuchukua muda joto likaanza kutoka kama lilikuwa linangoja ruhusa. Febronia akamfunika mumewe mablanketi yote, akaongeza vitenge, akaongeza na shuka. Kisha akaisikia ile filimbi. Kwanza kwa mbali, kisha kila pumzi. Anastazi akavuta dawa, akapumzika, akavuta tena, na filimbi haikunyamaza. Na kwa vile mzee mwenyewe alikuwa amenyamaza, Febronia akajua kwamba hali ni mbaya.

Nje kukasikika mtu anakwangua. Alikuwa Niyonkuru, anakuja anachimba njia kwa beleshi la bluu, maana theluji ilikuwa imeziba uwanja mpaka magotini. Alifika mlangoni akasimama hapo hapo nje, hakushika hata kitasa. Akaita kwamba waje wote nyumba kubwa, moto upo. Febronia akafungua mlango kidogo akamwambia amchukue mzee, yeye atabaki. Ndipo Anastazi akainua kichwa kutoka kwenye mablanketi.

"Sitoki bila wewe," akasema, akihema kati ya neno na neno.

Febronia alimbembeleza, akamkaripia, akamwambia atakufa kwa kichwa chake kigumu. Mzee akafumba macho. Niyonkuru akatoa shauri lake, kwamba wao wazee waende kwenye moto na Agripina na mtoto, yeye atalala humu kwenye baridi, ni kijana, ataweza. Febronia akatikisa kichwa. Lile paa la nyumba kubwa kijana alikwisha kulilalia, ni lake, na yeye hakuwa na njia ya kulieleza hilo bila kuomba kitu ambacho hakiombwi. Akawa amesimama katikati, nyuma yake filimbi ya kifua cha mumewe, mbele yake mkwe wake ndevu zimeganda barafu.

Niyonkuru akaegemeza beleshi ukutani.

"Mama, kama kuna kitu sikukifanya, nifundishe," akasema. "Mimi sikuwa na mama wa kunifundisha."

Maneno yale yalimwingia Febronia, akayageuza, na ndani yake akaona kijinjia. Nani mwenye ruhusa ya kumwambia kijana? Mama yake. Basi mama yake hayupo. Na mama akifariki, mtoto analelewa na nani? Analelewa na yeyote mwenye moyo, kama yeye mwenyewe alivyolelewa na mke mdogo wa baba yake na akamwita mama mpaka siku ya kumzika. Akafungua mlango wote, upepo ukaingia na theluji yake.

"Sogea hapa," akamwambia. "Sasa hivi mimi si mama mkwe wako. Mimi ni mama yako, nimekuzaa mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mwanangu, unakwenda kuoa kwa watu. Mama wa huyo binti haingii kwako mpaka umpelekee jembe, kwa mikono yako miwili, mlangoni kwake. Usimwambie kwamba ni mimi niliyekuambia."

Niyonkuru alimtazama. Akauliza jembe atalitoa wapi katika nchi ile. Febronia akamuuliza kwani wao wa huko wanalimia nini. Kijana akageuka kulitazama beleshi. Febronia akamfungia mlango usoni.

Akasimama nyuma ya mlango, akafunga kitenge chake upya, akakivuta kilemba kichwani kikakaa sawa. Anastazi akamwangalia kwa jicho moja. Hodi ikapigwa. Akahesabu pumzi zake kidogo, kwa sababu mama mkwe hafungui kwa pupa, kisha akafungua. Niyonkuru alikuwa amepiga magoti ndani ya theluji, mikono miwili imeinua beleshi.

"Shikamoo, mama mkwe," akasema. "Nimekuletea jembe."

"Marahaba, mkwe wangu," akasema Febronia, akalipokea kwa mikono miwili.

Kutoka kwenye mablanketi Anastazi akasema kwamba kama sherehe imekwisha, yeye kule ndani anakufa.

Niyonkuru aliingia, akambeba mgongoni na mablanketi yake yote, mzee mzima kama mtoto anayepelekwa zahanati. Febronia alifuata nyuma kwenye ile njia iliyochimbwa, jembe lake begani kama mwanamke anayekwenda shamba asubuhi. Agripina alipofungua mlango wa nyumba kubwa akamwona mama yake anapanda ngazi, alishika mdomo. Hakuwa anajua kitu kuhusu jembe, haya mambo mwanamke huambiwa binti yake anapoposwa. Febronia alisimama kidogo kizingitini. Kisha akaingia.

Walimkalisha Anastazi karibu na jiko la kuni, mgongo umeinuliwa kwa mito. Agripina akakoroga uji wa unga wa mtama ambao mama yake alikuwa ameubeba kutoka nyumbani. Mzee akavuta dawa tena, akanywa uji kidogo kidogo, na joto likamwingia. Filimbi ikapungua, ikawa ya mbali, ikawa hakuna. Halafu akaanza kulalamika kwamba uji una sukari kidogo, na kwamba nchi inayokatikiwa umeme haina haja ya kujigamba. Febronia aliposikia lile lalamiko la kwanza alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu siku ya posa. Akakaa sakafuni hapo hapo, akamwita Irambona, akampakata chini ya paa la baba yake kwa mara ya kwanza. Mtoto hakujua kwa nini bibi anamkumbatia hivyo, akavumilia.

Niyonkuru alisema anakwenda kuleta kuni. Kuni zilikuwepo tele. Alikaa huko nje kwa muda, akarudi macho mekundu. Febronia akapiga sakafu kwa kiganja pembeni yake, akamwambia akae, akamkatia kipande cha kiazi akampa mkononi. Usiku ule alilala chumba cha pili kutoka kwa mkwe wake na kumsikia anakoroma kama trekta, na kwake ilikuwa raha tupu. Sikio lake lile linaloangalia kifua cha Anastazi nalo lililala.

Mwenye nyumba za likizo alipewa beleshi jipya. La zamani lilifungwa kwa nailoni likapandishwa ndege, baada ya Anastazi kuwaeleza watu wa uwanjani, kwa Kiswahili, kwamba hiki ni kitu cha ukweni na hakiachwi. Rusumo afisa mmoja akalizungusha mikononi, akauliza ni la nini. Febronia akamwambia ni jembe. Afisa akamtazama, akamtazama na Anastazi aliyekuwa amevaa kofia ya sufu yenye masikio katika jua lile, akawaruhusu wapite.

Tangu hapo Niyonkuru akija Ngara halali tena nyumba ya wageni. Analala kwa Febronia, anakula mezani kwake, na asubuhi anaamshwa kwenda kukata majani ya ng'ombe kama vijana wengine wa nyumba ile.

Selestina, ambaye naye ni wa ukoo uleule na hakuna habari inayompita, alikaa na hiyo habari msimu mzima mpaka ikamwasha. Siku moja wakiwa wanaanika kahawa akaitoa. Akasema yeye haelewi. Jembe haliombwi, ndivyo wote walivyofundishwa na mama zao, na likiombwa haliingizi mtu popote. Sasa kule kwenye theluji, Febronia si ndiye aliyemwambia kijana kwa kinywa chake? Huoni kwamba umeharibu, akamuuliza.

Febronia akasukuma kahawa mpaka ukingo wa turubai, akageuza jembe lake la bluu, akaanza mstari mwingine.

"Aliambiwa na mama yake," akasema.